Kuhusu kadi zako: usizifunge zote kwa mpigo

Mwanga, Kigoma

Somo yangu mpendwa,

Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza Kibirizi katikati ya kelele za wanawake wa dagaa, nikaurudia usiku nyumbani nisije nikakosa neno. Nimeona nikuandikie badala ya kukupigia. Kwenye simu wewe na mimi tunaanza na mikopo, tunaishia kwenye bei ya mawese, na jambo hili linataka uwe na maandishi ya kurudia ukiwa umetulia na shemeji.

Umesema unataka kufunga kadi zote tano za mkopo kabla ya kwenda kuomba mkopo wa nyumba, uanze na zile tatu zisizo na deni, ili ukifika mbele ya benki uwe msafi. Nakuomba kwa mapenzi yote, subiri. Sisemi kwamba kadi zote zinastahili kubaki. Mbili sizioni faida yake kwako na nitafurahi siku utakayoachana nazo. Ila zisiwe zote, na usiguse kitu mpaka nyumba ipatikane.

Wazo lako najua limetoka wapi, sote tumelelewa nalo. Dukani hapa Mwanga ukimaliza kulipa sukari na sabuni, mwenye duka anachora mstari juu ya jina lako kwenye daftari, nawe unaondoka kifua mbele. Huko uliko heshima imo ndani ya daftari lenyewe, kwenye zile kurasa zinazoonyesha kwamba ulikopa na ukalipa kwa wakati, mwezi baada ya mwezi. Mimi kwenye SACCOS yetu namkalisha mwombaji na wadhamini wake, nawauliza wanamjua tangu lini. Benki ya huko Columbus, Marekani, haimjui mjomba wako wala jirani yako. Itafungua taarifa zako za Equifax, Experian na TransUnion, taasisi tatu zinazotunza historia za wakopaji, itazame alama yako ya ukopaji iliyo kati ya 300 na 850, na kwa alama hiyo itaamua ikupe au ikunyime, na kwa riba gani. Kwenye mkopo wa miaka 30, tofauti ndogo ya riba ni pesa nyingi sana, somo.

Alama hiyo inatengenezwaje? Kwa hesabu ya FICO, ambayo ndiyo wakopeshaji wengi wanaitumia, asilimia 35 ni kulipa kwa wakati. Asilimia 30 ni kiasi unachodaiwa, na hapo wanaangalia sana deni lako ni sehemu gani ya ukomo uliopewa, yaani kiasi cha juu unachoruhusiwa kukopa. Urefu wa historia yako ni asilimia 15. Mikopo mipya ina 10, na aina za mikopo ulizonazo 10. Kufunga kadi hakukupunguzii sifa ya kulipa kwa wakati. Kunapiga kwenye ile 30, tena mara moja.

Nilikaa na kalamu nikajumlisha ukomo wa kadi zako kama ulivyonitajia. Zote tano zinafika dola 10,000, na deni lako lote ni 1,500: mia tisa za samani na mia sita za ile kadi ya kawaida. Hiyo ni asilimia 15, hesabu nzuri kabisa. Sasa funga zile tatu zisizo na deni, ambazo ukomo wake kwa pamoja ni 6,000. Unabaki na ukomo wa 4,000, deni ni lile lile 1,500, na ghafla unatumia asilimia 37.5. Hujakopa hata senti moja zaidi, lakini kwenye karatasi unaonekana mtu aliyebanwa. Wengi wanashauri usipite 30, na kadiri unavyokuwa chini ndivyo bora. Ungekuwa hudaiwi popote, nisingekusumbua na hesabu hii, maana sifuri ukiigawa kwa ukomo wowote inabaki sifuri. Kwa hiyo nguvu uliyotaka kuitumia kufunga, itumie kwanza kuua deni. Na kumbuka kwamba kampuni za kadi kwa kawaida huzipelekea taasisi hizo tatu salio la deni la siku ankara ya mwezi inapotoka, si la siku ya mwisho wa kulipa. Ukilipa siku chache kabla ya ankara, kinachoonekana kwa benki ni kidogo.

Mwenzako wa kazini amekutisha bure kwamba ukifunga kadi ya zamani miaka yako yote inafutika siku hiyo hiyo. Akaunti iliyofungwa bila doa hukaa kwenye taarifa zako hadi miaka 10, na FICO inaendelea kuhesabu umri wake muda huo wote. Kuna hesabu nyingine zisizokuwa za FICO ambazo zinaweza kuiacha mapema zaidi, lakini si kufumba na kufumbua kama alivyosema. Na kama unafikiri kufunga kutaondoa ule mwezi uliochelewa kulipa wakati shemeji alipokuwa amelazwa, hakutauondoa. Kuchelewa kunakaa miaka 7, kadi iwe wazi au imefungwa.

Inayoninyima raha ni ile ya duka la samani. Walikuuzia makochi kwa "miezi 12 bila riba", nawe unalipa kile kiwango cha chini kilichoandikwa kwenye ankara, ukiamini ukifika mwezi wa kumi na mbili deni litakuwa limekwisha. Tafadhali chukua mkataba usome. Mikataba mingi ya maduka ya huko haisamehi riba hiyo, inaiweka pembeni. Muda ukiisha na kumebaki hata kiasi kidogo, wanakutoza riba ya miezi yote tangu siku uliyonunua, na riba ya kadi za maduka mara nyingi inafika asilimia 30 kwa mwaka. Kiwango cha chini hakikupangwa kumaliza deni ndani ya muda huo. Gawanya hizo dola 900 kwa miezi iliyobaki ukitoa mwezi mmoja, uwe na nafasi ya kupumua, ulipe hicho kiasi kila mwezi bila kukosa. Pesa ya ziada yoyote ikipatikana, iende huko kabla ya kwenda kwingine. Hata ile unayotaka kututumia kwa ajili ya bati za jikoni, ielekeze huko. Bati zitasubiri kiangazi.

Kadi hiyo ya samani, na ile ya duka la nguo, ndizo ninazotaka ufunge baada ya kukabidhiwa funguo za nyumba. Ya nguo umesema mwenyewe kwamba kila wakikutumia ujumbe wa punguzo unajikuta dukani. Kwa hiyo naongeza jambo moja: ukiona haivumiliki, ukijua kabisa itakufanya ununue tena kabla ya nyumba, ifunge hata kesho. Ukomo wake ni 1,000 tu. Utabaki na 9,000, na deni lako litakuwa chini ya asilimia 17, si kitu cha kukunyima nyumba. Afadhali alama ishuke pointi chache kuliko deni lipande dola mia nne.

Ile ya shirika la ndege inakula ada ya dola 95 kila mwaka, na ulipokuja nyumbani hukupanda hata ndege yao. Hiyo usiifunge kwanza. Piga simu benki iliyoitoa, uwaambie hutaki tena kulipa ada, uombe wakubadilishie iwe kadi yao nyingine isiyo na ada. Wakikubali, mara nyingi akaunti inabaki ile ile na umri wake, na ukomo wake wa 4,000 unaendelea kukubeba, nao ndio mkubwa kuliko wote ulio nao. Wakikataa, lipa ada mara moja tu mpaka nyumba ipite, kisha ndipo uamue. Waulize pia maili zako, zile pointi za safari, zitakuwaje. Kwa kawaida zilizokwisha kuingia kwenye akaunti ya shirika la ndege hubaki huko, lakini pointi zinazotunzwa na benki yenyewe zinaweza kupotea akaunti ikifungwa. Zitumie kabla.

Kadi yako ya kwanza, ile uliyoipata kwa kuweka dhamana ya dola 300 wakati hakuna benki iliyokuwa tayari kukuamini, naomba ubaki nayo. Haina ada. Ndiyo ya zamani kuliko zote. Tena umemwandikisha shemeji humo kama mtumiaji wa pili, na yeye hana historia nyingine ya maana huko. Akaunti hiyo huenda inaonekana kwenye taarifa zake pia, hivyo ukiifunga unaweza kuwa umempunguzia na yeye, wakati mnataka kuomba nyumba kwa majina mawili. Weka juu yake bili moja ndogo, kama ya simu, ijilipe yenyewe kila mwezi. Kadi isiyotumika muda mrefu, kampuni inaweza kuifunga bila kukuomba ruhusa.

Mimi wakati narudi Kigoma kutoka huko nilifanya hivyo hivyo: za maduka nilizifunga, nikabakiza moja isiyo na ada, maana huyu binti yangu anaweza kuja kusoma huko na mimi nikalazimika kukaa naye mwaka wa kwanza. Kama nisingekuwa na matarajio hayo ningefunga zote bila kujali alama. Alama ni ya mtu anayetaka kukopa, au kupanga nyumba. Asiye na mpango huo, pointi zikishuka hazimpunguzii unga jikoni.

Kuanzia siku mtakayopeleka maombi mpaka mtakapotia saini, usifunge wala kufungua akaunti yoyote. Benki inaweza kuangalia taarifa zenu tena siku chache kabla ya saini, na mabadiliko yoyote yanazaa maswali. Hata muuzaji wa friji akikupa kadi papo hapo na punguzo kubwa, mshukuru upite.

Siku ya kufunga ikifika, hakikisha salio ni sifuri na kwamba hakuna malipo yanayojikata kwenye kadi hiyo. Piga namba iliyo nyuma ya kadi. Watakubembeleza, watakupa hiki na kile. Wewe sema asante, funga. Omba wakutumie uthibitisho wa maandishi kwamba akaunti imefungwa kwa ombi lako. Mwezi unaofuata angalia tena ankara, kwa sababu kadi iliyokuwa na deni huweza kuleta riba ya zile siku za kati ya ankara na malipo, na dola mbili zisizolipwa zinaweza kukuletea doa la kuchelewa. Baada ya mwezi au miwili ingia annualcreditreport.com, ni bure kila wiki, utazame kama taasisi zote tatu zimeandika kwamba imefungwa.

Hata huku mambo yanageuka. Benki zetu zinapeleka taarifa za wakopaji kwenye kanzidata ya Benki Kuu, na anayeshindwa kulipa Kigoma anajulikana Dar es Salaam. Lakini bado wanakuja mezani kwangu watu wanaojisifu kwamba hawajawahi kukopa popote, na nawaelewa. Nikitazama maombi yao sina cha kusoma.

Nijibu mambo mawili: muda wa bila riba wa yale makochi unaisha tarehe ngapi, na benki ya kadi ya ndege imekwambia nini kuhusu ada. Ukinipa hiyo tarehe nitakupangia kiasi cha kila mwezi mwenyewe. Msalimie shemeji, watoto uwabusu.

Wako,
Somo