Barua kwa Baba Kulwa: kuhusu kile kisu cha marehemu Babu

Kirumba, Mwanza
Jumapili jioni

Mpendwa Baba Kulwa,

Pokea salamu za sisi sote wa hapa. Natumaini kwamba wewe na Mama Kulwa hamjambo, na kwamba mguu wa Bibi umeanza kupata nafuu tangu mlipompeleka Bugando. Sisi tunaendelea vizuri, isipokuwa Mama Neema ambaye bado analalamikia bei ya sato, na kwa hilo yuko sahihi kabisa.

Nimesoma ujumbe wako kuhusu safari ya kijana wetu Kulwa kwenda kusoma Uingereza na nikamshukuru Mungu, kwa maana wote tulioifahamu nyumba yenu tunajua elimu hiyo imegharimu nini. Lakini katika ujumbe ule kuna sentensi moja iliyoninyima usingizi. Umesema kwamba utamkabidhi Kulwa kile kisu cha kukunja cha marehemu babu yake ili akitumie huko Manchester, kwa kuwa Masanja amekuhakikishia kwamba kisu cha kukunja hakina kosa katika nchi yoyote duniani maadamu ni kifupi. Ndugu yangu, nakuomba usimpe kisu hicho kabla hujaisoma barua hii yote. Ningeweza kukupigia simu, lakini jambo hili lina vipengele ambavyo simuni vingepotea, nami nataka uweze kumsomea Masanja mwenyewe, na Kulwa pia, neno kwa neno.

Kisu chenyewe nakikumbuka vizuri, kwa sababu Mzee alinionyesha mara nyingi tulipokuwa tukikaa naye akirekebisha nyavu. Ubapa ukifunguka hadi mwisho unasikia mlio mdogo, kisha kijibati chembamba cha chuma kilichomo ndani ya mpini kinasogea na kuukaba ubapa kwa nyuma, na hapo haurudi tena mpaka mtu akisukume kijibati hicho kando kwa kidole gumba. Mzee alikisifu kwa ajili ya jambo hilo hasa, akisema kwamba kisu kisichojifunga humkata mwenyewe vidole anapokaza kamba. Alikuwa na haki ya kukisifu. Sasa ni kijibati hicho, Baba Kulwa, kinachoweza kumfikisha mjukuu wake mahakamani.

Nikueleze sheria ya kule anakokwenda, yaani England na Wales. Kifungu cha 139 cha Sheria ya Haki Jinai ya mwaka 1988 kinasema kwamba ni kosa kuwa mahali pa umma na kitu chenye makali au ncha kali bila sababu ya msingi au idhini halali. Kisha kinatoa nafuu moja: kisu cha kukunja cha mfukoni ambacho makali yake hayazidi inchi 3, ambazo ni sentimita 7.62, hakihesabiwi. Nadhani ni nafuu hii iliyomfikia Masanja kwa njia ya watu, ikiwa imekatwa mkia njiani. Katika kesi ya Harris, mahakama ilitafsiri maana ya kisu cha kukunja ikasema ni kile kinachoweza kukunjwa wakati wowote kwa kukikunja tu. Kile kinachojifunga kikishafunguliwa, na kuhitaji kitufe au kijibati kusukumwa kwanza, hakimo katika nafuu hiyo. Mahakama ya Rufani ikarudia msimamo huohuo mwaka 1998 katika kesi ya Deegan. Kwa hiyo kisu cha Mzee, hata kama makali yake yangekuwa na inchi 2 tu, mbele ya sheria ile kinawekwa pamoja na visu visivyokunjika kabisa.

Adhabu yake si faini ya kulipa ukaenda zako. Kifungo kinaweza kufika miaka 4, na mtu mzima akitiwa hatiani kwa mara ya pili, sheria inataka afungwe miezi isiyopungua 6, isipokuwa mahakama ione kwamba kuna mazingira ya kipekee yanayohalalisha kutofanya hivyo. Na kwa mwanafunzi wa kigeni, hata hatia isiyo na kifungo ni jambo zito, maana kila ombi la viza litamuuliza habari hizo.

Naomba sasa nirudi kwetu, kwa sababu naamini kosa la Masanja limezaliwa huku. Katika miaka niliyokaa ukarani mahakamani nilizoea kusikia mambo mawili yanayopingana, na yote mawili yakisemwa kwa uhakika. Wapo wanaosema kwamba kisu kisichozidi kiganja hakina kosa, na wapo wanaosema kwamba ukikutwa na kisu chochote usiku wewe ni jambazi na utakwenda jela. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, haipimi kisu cha mfukoni kwa inchi. Inachoangalia ni mwenendo na nia: mtu anayetembea na silaha hadharani bila sababu halali kwa namna ya kuwatia watu hofu, au mtu aliyekutwa na silaha katika mazingira yanayoonyesha kwamba alikusudia kutenda kosa. Yule mama wa soko la Mwaloni anayekata kamba za magunia ya dagaa na kukichomeka kisu kwenye kanga yake hana kesi, ingawa kisu chake ni kirefu kuliko cha Mzee mara mbili. Akikiinua mbele ya mtu wanayegombana, kisu kilekile kinakuwa habari nyingine.

Hata ile hofu ya jela nadhani nimejua inakotoka. Unyang'anyi wa kutumia silaha, chini ya kifungu cha 287A, adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka 30, na kisu kinahesabika kuwa silaha. Basi kijana anahukumiwa kwa kumtishia mwenye duka na kumpora, watu wanatoka mahakamani wakisimulia kwamba amefungwa miaka 30 kwa kukutwa na kisu, na habari inapofika Igoma au Buhongwa ule unyang'anyi umeshatoweka, kimebaki kisu. Nimeona jambo hili likitokea na limekuwa likinisikitisha siku zote, kwa sababu matokeo yake ni kwamba vijana wa ulinzi shirikishi humkamata muuza machungwa anayerudi nyumbani wakiamini kabisa kwamba wanatekeleza sheria, na muuza machungwa naye hajui la kujitetea.

Sasa tazama hatari inayomkabili Kulwa. Kijana wetu amekulia ufukweni, mahali ambapo kisu ni kifaa kama ndoo na kasia. Ni mkweli, hana ugomvi na mtu. Polisi wa Manchester akimsimamisha na kumwuliza kama ana kitu chenye makali, atakitoa mwenyewe kwa heshima na kusema kwamba ni cha babu yake. Hapa kwetu uso huo na maelezo hayo yangetosha kwa askari mwenye busara. Kule hayatoshi, kwa sababu kwa kisu cha aina ile si kazi ya mwendesha mashtaka kuthibitisha kwamba alikusudia ubaya. Ni mshtakiwa anayetakiwa kuthibitisha kwamba alikuwa na sababu ya msingi ya kukibeba, mahali pale na saa ile. Kumbukumbu ya babu si sababu ya namna hiyo. Kusahau kwamba kimo mfukoni, peke yake, nako si sababu, na hilo liliamuliwa katika kesi ya Gregson. Hofu ya jumla ya vibaka haikubaliki pia. Mahakama itauliza kama kulikuwa na tishio mahususi wakati uleule. Naomba umsisitizie hili la kujihami kuliko yote, kwa maana najua jinsi wajomba zake wanavyopenda kumwambia mtoto wa kiume asitembee mikono mitupu.

Sababu zinazokubalika zipo, na ni za kazi hasa. Mpishi anayepeleka visu vyake kazini, fundi anayekwenda kuweka mazulia, mvuvi aliye njiani kwenda kuvua. Sheria yenyewe inataja pia sababu za dini na vazi la taifa, ndiyo maana Masingasinga wanaruhusiwa kuvaa kirpan yao, kile kisu cha dini yao, na mtu asije akamwambia Kulwa kwamba ni upendeleo au kwamba yeye naye anaweza. Akipata kibarua cha jikoni, kama vijana wengi wanavyofanya, anaweza kubeba kisu cha kazi kikiwa kimefungwa vizuri ndani ya begi, lakini akitoka kazini akapitia matembezini hadi usiku wa manane, ile sababu inazidi kudhoofika kila saa inayopita.

Kuna mambo mengine ambayo watu hujifariji nayo. Wanasema kwamba kisu kilichouzwa dukani waziwazi ni halali kubeba. Kumbe kununua na kukiweka nyumbani ni jambo moja, na kutoka nacho barabarani ni jambo jingine. Wanasema kwamba kikiwa ndani ya gari si mahali pa umma. Gari lililo barabarani halimkingi mtu. Wanasema kwamba chini ya inchi 3 ni salama daima. Hapana, hata kisu kidogo kisichojifunga, kikibebwa kwa nia ya kumdhuru mtu, ni silaha ya shari chini ya sheria yao ya mwaka 1953.

Lakini linalonitia hofu zaidi ni uwanja wa ndege. Masanja atakwambia, na kwa hili atakuwa amesema kweli, kwamba kisu kikiwekwa kwenye sanduku la mizigo kitapita. Kikiwa kwenye begi la mkononi kitachukuliwa hapa hapa Mwanza, na labda ingekuwa heri. Ndani ya sanduku kitapita Dar es Salaam, kitafika Manchester, na kijana atakapokiona chumbani kwake akiwa amevuka ukaguzi wote huo ataamini kwamba serikali zote mbili zimekikubali. Kumbe ukaguzi wa ndege unalinda ndege tu. Hakuna aliyempa ruhusa ya kukitia mfukoni asubuhi akienda chuoni. Na akipanga kumtembelea dada yake Ujerumani asidhani kwamba sheria ni moja kwa Wazungu wote: kule kisu kinachojifunga na kufunguliwa kwa mkono mmoja hakibebwi hadharani bila haja inayotambulika, na kisichokunjika kina kipimo chake cha ubapa, sentimita 12.

Najua kwamba huna zawadi nyingine ya Mzee ya kumpa mtoto, na sisemi haya kwa wepesi. Nilikuwepo siku Mzee alipokitoa mfukoni kwa mara ya mwisho akakuwekea mkononi. Ndiyo maana ningependa kibaki Nansio, sandukuni kwako, kikamsubiri Kulwa akirudi na shahada yake, kuliko kiishie kwenye mfuko wa plastiki wa vielelezo vya polisi, ambako akitiwa hatiani hatakiona tena. Kama ni lazima awe na kisu cha kukatia embe na kufungulia vifurushi, hapa mjini vinapatikana vile vidogo vya kukunja visivyojifunga, ambavyo ukiusukuma ubapa kwa nyuma unarudi wenyewe. Nitakinunua mimi, nitakipima makali kwa rula, nami nitakipeleka kwenye sanduku lake. Hata hicho, ningependelea akiache chumbani.

Nina maswali ninayoomba unijibu mapema. Je, Kulwa ameshakiona kisu hicho na kuambiwa kwamba ni chake, au bado ni siri yako na Mama Kulwa? Masanja alisikia wapi habari hizi: ni kwa yule shemeji yake aliyewahi kuishi London, au ni maneno ya kijiweni? Kama ni shemeji, unaweza kumwuliza kisu chake kilikuwa cha namna gani, kilijifunga au hakikujifunga? Mnavuka lini kuja mjini, na mtafikia kwangu au kwa Shangazi? Ungependa mimi ndiye nizungumze na kijana, au utamweleza mwenyewe kama baba? Na je, upo radhi nikitafute hicho kidogo wiki hii, maana fundi ninayemwamini yuko Makoroboi na huwa hafungui siku za sikukuu?

Nisalimie Mama Kulwa na Bibi, na umwambie Masanja kwamba sina kinyongo naye hata kidogo. Nasubiri jibu lako kabla mizigo haijafungwa.

Ndugu yako,
Baba Neema