Mwanangu amehamia kwenye makosa ya babu yake

Shangazi, shikamoo.

Naandika kutoka Arua, Uganda. Tunaishi na baba mkwe, mwanajeshi wa zamani, ndiyo maana Kiswahili kimetawala sebuleni kwetu ingawa watoto wakitoka nje ni Kilugbara tu. Jioni mzee hana anachokipenda kama vichekesho vya familia vya Marekani, vile vya miaka ya tisini, ambavyo shemeji alituletea kwenye flashi.

Mwanangu wa kidato cha pili naye hutazama, ila mzee anapocheka, yeye anawinda makosa. Kwenye The Fresh Prince of Bel-Air aligundua kwamba Aunt Viv wa misimu mitatu ya kwanza, Janet Hubert, aliondoka, na mwaka 1993 akaingia Daphne Maxwell Reid. Mume yuleyule, watoto walewale, mama mwingine! Mtoto wao Nicky ni mchanga msimu wa nne. Msimu wa tano anakimbia na kujibizana na wakubwa. Kwenye Family Matters, Judy, binti mdogo wa akina Winslow, anatoweka baada ya msimu wa nne na hakuna anayemuulizia. "Na baba yake ni polisi wa Chicago, mama!" Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Siku hizi hata mimi natazama glasi za mezani. Amenieleza kwamba onyesho moja huigizwa zaidi ya mara moja, kisha mhariri anaunganisha vipande vilivyopendeza, ndipo juisi inapungua na kujaa tena bila mtu kumimina. Mzee alikuwa akimnyamazisha kwa fimbo yake ya kutembelea, kwa utani tu. Sikuona ubaya.

Shida ni umeme. Ukikatika, mzee husimulia vita vya 1979, vile vya Tanzania na Uganda vilivyomng'oa Amin. Juzi alikuwa anaeleza alivyosikia redioni, akiwa Jinja, kwamba Kampala imeanguka. Mtoto akadakia palepale gizani: "Babu, mwezi uliopita ulisema siku hiyo ulikuwa umeshafika huku Arua. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili. Ulikuwa wapi?"

Mzee hakujibu. Aliomba taa, akaenda kulala. Tangu hapo hasimulii, na televisheni ikiwashwa anasema macho yanamuuma.

Mume wangu anataka mtoto aombe radhi na asiguse tena rimoti. Mtoto anasema hakutukana, aliuliza tu, na kweli aliuliza kwa upole. Mimi nimekwama katikati. Wengi wa rika la mzee walivuka mpaka mwaka ule kwenda Zaire na Sudan, na kuna mambo ya safari ile ambayo hata mama mkwe, Mungu amrehemu, hakuwahi kuambiwa. Huenda amesahau, huenda Jinja ni rahisi kusimulia kuliko alipokuwa kweli. Mtoto wa miaka kumi na minne nitamwelezaje hilo bila kumzima akili yake, ambayo walimu wanaisifu?

Je, mtoto aende kwa babu yake peke yake, au nimpeleke mimi? Na akienda, aombe radhi kwa lipi hasa? Mawifi zangu wanakuja Idi, na huwa wanamzunguka baba yao awasimulie. Naomba jibu kabla hawajafika.

Mama wa Arua