Ushindi 489 bila kuangushana mazoezini

Kwa Mhariri,

Kila Februari, fainali ya Super Bowl inapokaribia, kurasa za michezo za magazeti yetu huieleza futiboli ya Marekani kwa mambo mawili tu: mamilioni ya dola na vishindo. Msomaji hubaki akiamini kwamba timu isiyopigana vikumbo mazoezini haiwezi kushinda siku ya mechi. Historia ya chuo kidogo cha Saint John's, kilichoko Collegeville katika jimbo la Minnesota, inaipinga imani hiyo kwa rekodi ya miaka 60. Naomba nafasi niieleze, maana familia nyingi zinazozungumza Kiswahili zimehamia Marekani, na vijana wao hushawishiwa na shule wajiunge na timu.

Chuo hicho cha wanaume kilianzishwa na watawa Wabenediktini mwaka 1857. Timu yake hucheza daraja la tatu la NCAA, shirika linalosimamia michezo ya vyuo, na katika daraja hilo chuo hakiruhusiwi kumlipia mwanafunzi karo kwa sababu ya kipaji cha michezo. Mwaka 1953 kilimwajiri John Gagliardi, kijana wa miaka 26 aliyetoka Carroll College, mjini Helena, Montana. Hakuondoka hadi 2012. Alistaafu akiwa na ushindi 489, vipigo 138 na sare 11, na hakuna kocha mwingine wa futiboli ya vyuo aliyefikia idadi hiyo ya ushindi. Ubingwa wa taifa aliutwaa mara 4: 1963 na 1965 chini ya NAIA, chama kingine cha michezo ya vyuo, kisha 1976 na 2003 chini ya NCAA.

Utaratibu wake ulianzia sekondari, mjini Trinidad, Colorado, mwaka 1943. Kocha wa shule aliitwa vitani, na Gagliardi, mwenye miaka 16 na bado mchezaji, akashika timu. Alianza kwa kufuta yaliyokuwa yakiwachosha wenzake: kuzunguka uwanja bila mpira, mazoezi ya viungo yasiyo na mwisho, na katazo la kunywa maji mazoezini, ambalo enzi hizo lilidhaniwa kumkomaza mchezaji. Timu ikashinda, naye hakurudi nyuma tena.

Wiki ya mechi pale Saint John's ilikwenda hivi. Jumapili na Jumatatu hakuna mazoezi. Jumanne hadi Ijumaa ni dakika 90 kwa siku, yaani saa 6 kwa wiki nzima. Wachezaji walivaa helmeti, pedi za mabega na kaptura. Suruali zenye pedi za mapaja na magoti zilisubiri Jumamosi. Hakukuwa na filimbi, wala mbio za adhabu, wala mitambo ya chuma ya kusukuma kwa bega, wala ulazima wa kunyanyua vyuma. Mvua, joto kali, hata mbu wakizidi, vilitosha kuwaondoa uwanjani. Hakuna aliyekatwa kikosini, kwa hiyo kikosi kiliweza kupita watu 150. Naye hakutaka kuitwa kocha. Wote, hadi mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, walimwita John. Na juu ya yote, hakuna kumwangusha mtu chini. Mlinzi alimfikia mwenye mpira, akajiweka pale ambapo angemkamatia, kisha akamwacha.

Wengi hudhani huo ulikuwa ulegevu. Mimi naona ulikuwa ukali wa aina nyingine. Katika mchezo huu timu ina majaribio manne ya kusogeza mpira yadi 10, na kila jaribio hudumu sekunde chache tu. Katika sekunde hizo wachezaji 11 wanatakiwa kujua nani anamzuia nani, kwa mguu upi, kwa pembe ipi. Mmoja akikosea, jaribio limekufa. Sasa tazama muda: wachezaji wakiangushana, kila jaribio la mazoezi lina kuanguka, kuinuka na kupanga upya, na anayechechemea hutolewa nje. Ondoa kuangushana, na ndani ya dakika zilezile mpango uleule unarudiwa mara nyingi zaidi, miguu ikiwa bado na nguvu. Gagliardi alirudia mpango mpaka kila mtu aujue, na wapigapasi wake waliruhusiwa kubadili mpango wenyewe pale pale kwenye mstari, baada ya kuona walinzi wamesimamaje. Faida ya pili ni hesabu ya majeruhi. Miaka ya 2000 msimu wa kawaida ulikuwa na mechi 10, na aliyefika fainali aliongeza nyingine nne au tano kufikia Desemba. Timu inayovunja watu wake Oktoba kwa mikono yake yenyewe haina wa kucheza Desemba.

Nguvu ya mashambulizi yao haikuwa na shaka. Mwaka 1993 walipata wastani wa pointi 61.5 kwa mechi. Lakini mwaka huohuo, nusu fainali, walikutana na Mount Union ya mji wa Alliance, Ohio, wakafungwa 56–8. Nalitaja hilo kwa sababu hadithi za Gagliardi mara nyingi hulificha, na bila Mount Union huwezi kupima ukubwa wa Saint John's. Nacho ni chuo kidogo cha daraja hilohilo, na kocha wake, Larry Kehres, alimaliza kazi akiwa na ushindi 332, vipigo 24 na sare 3, pamoja na ubingwa wa taifa mara 11. Mwaka 2000 timu hizo mbili zilikutana fainali. Mount Union ikashinda 10–7 kwa mpira uliopigwa katikati ya nguzo sekunde za mwisho kabisa.

Kisha ukaja 2003. Tarehe 8 Novemba Saint John's iliifunga Bethel 29–26, na huo ukawa ushindi wa 409 wa Gagliardi, mmoja zaidi ya rekodi ya Eddie Robinson, kocha wa chuo cha Grambling. Desemba 20, mjini Salem, Virginia, wakakutana tena na Mount Union iliyokuwa haijafungwa katika mechi 55 mfululizo. Mlinzi mmoja wa Saint John's alinasa pasi karibu kabisa na mwisho wa eneo lake, akakimbia nayo yadi 100 hadi upande wa pili. Matokeo: 24–6, mechi 14, ushindi 14.

Wanaoiga utaratibu huu huharibu mahali pawili. Kwanza, hufuta kuangushana lakini huacha mazoezi ya saa tatu. Mchezaji aliyechoka hupunguza umakini, hujikuta amemgonga mwenzake asiyejiandaa, na majeraha yanarudi kwa mlango mwingine. Pili, na hili ni zito zaidi, hupeleka utaratibu huo kwa watoto wanaoanza. Gagliardi alipokea vijana waliokwisha kufunzwa kuangusha sekondari; hakuwa na haja ya kuwafundisha upya. Anayeanza ni lazima afundishwe, ila kwa hatua: kwanza akiwa amepiga magoti mbele ya godoro, kisha akitembea, kisha akikimbia taratibu. Macho juu, kichwa pembeni mwa mwili wa mwenzake, bega ndilo linalogusa. Mtoto anayeinamisha kichwa na kuingia kwa utosi anahatarisha shingo yake, helmeti au bila helmeti.

Wakubwa walichelewa sana kufika huko. NFL, ligi ya wachezaji wa kulipwa, ilipunguza mazoezi ya pedi kamili hadi 14 kwa msimu wa kawaida katika mkataba wa 2011, na makocha wa Ivy League, kundi la vyuo vikongwe vya mashariki mwa Marekani, walikubaliana kuacha kuangushana mazoezini wakati wa msimu mwaka 2016. Collegeville ilikuwa inafanya hivyo zaidi ya nusu karne kabla.

Kwa wazazi walio Marekani, kocha akija nyumbani kumtaka kijana, muulizeni: ni siku ngapi kwa wiki wanavaa pedi kamili? Siku ngapi wanaangushana hadi chini? Mazoezi ni dakika ngapi? Nani, asiye kocha, mwenye mamlaka ya kumzuia mchezaji aliyegongwa kichwa asirudi uwanjani? Na chuo kikiwa cha daraja la tatu, msikubali ahadi ya kulipiwa karo kwa ajili ya futiboli, kwa sababu haipo. Msaada hutolewa kwa kipimo cha uwezo wa familia au alama za darasani, na kijana akiacha timu, msaada huo hautakiwi kuguswa. Barua ya msaada wa karo isomwe mstari kwa mstari kabla ya kutia saini.

Msomaji wenu,
Minnesota, Marekani