Barua kwa mwanangu: jamvi halimwagwi Jumamosi

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Huku Kibaha sisi wazima, alhamdulillah. Bibi yako kikohozi kimemwacha na kila siku anauliza kama joto la Muscat limepungua. Najua fundi amekupigia simu kabla yangu, na najua amekwambia mama anachelewesha kazi. Ni kweli nimeizuia: jamvi la nyumba yako, yaani sakafu ya chini ya zege, halimwagwi Jumamosi. Saruji ipo, kokoto za Lugoba zipo, vibarua walishaitwa, nikawaambia wakae kwao mpaka niwaite mwenyewe.

Usimkasirikie fundi. Ukuta wa msingi ameujenga vizuri, mistari ya matofali imenyooka, na nilipopima kutoka pembe hadi pembe, huku na huku, vipimo vimelingana. Ila mmepatana kwamba fedha ya awamu hii anaipata jamvi likishamwagwa. Mtu aliyepatana hivyo, hata angekuwa ndugu yako wa damu, ataharakisha zege. Siku nyingine mlipe nusu baada ya ukaguzi wa kifusi, yaani udongo unaojazwa ndani ya msingi, na mabomba, utaona anavyokuwa na subira.

Kilichonitia wasiwasi zaidi ni kifusi. Unajua kiwanja kinashuka kuelekea bondeni. Upande wa barabarani kifusi ni kidogo, lakini upande wa chumba chako kina chake ni karibu mita moja. Juu kote kulionekana kugumu, wamekushindilia mpaka kunang'aa. Nikachukua kipande cha nondo ya milimita 12, nikakichomeka katikati ya sebule: kikagoma pale pale. Nikaenda kwenye kona ya chumba chako, pale kuta mbili zinapokutana, nikasukuma kwa mkono mmoja. Nondo ikazama mpaka ngumi yangu ikagusa mchanga. Nikaomba jembe. Chini wamefukia mizizi ya ule mkorosho uliong'olewa, pamoja na mabonge ya mfinyanzi makavu, halafu wakafunika na mchanga safi juu.

Kifusi, baba, hujazwa kwa tabaka. Unaweka sentimita 15, unamwagia maji, unapiga kompakta, ile mashine ya kushindilia, ndipo unaweka nyingine. Ukijaza mita nzima kwa mkupuo, kompakta inakaza juu tu, chini kumelegea vile vile. Mizizi nayo ikioza inaacha mashimo. Masika yakiingia kifusi kitashuka, na jamvi litabaki limeangikwa hewani kama chapati juu ya bakuli, mpaka siku utakapoweka kitanda na kabati juu yake. Fundi aliniambia ataongeza saruji pale kona. Saruji haishindilii udongo! Kona yote inatolewa na kujazwa upya kwa moramu, ule udongo wa changarawe, na vibarua wake wameshaanza, wamenuna lakini wanafanya.

Mabomba ya maji taka niliyakagua na fundi bomba, si na huyu anayejenga. Bomba la nchi nne linatakiwa kushuka kama sentimita mbili na nusu kwa kila mita mpaka kwenye chemba, lile shimo la ukaguzi nje ya nyumba. La choo chako liko sawa. La choo cha wageni tulipoliwekea pimamaji lilikuwa linapanda kuelekea nje, yaani uchafu ungerudi kwa mgeni wako. Limenyanyuliwa na kulazwa upya. Kisha tuliziba midomo ya chini, tukajaza maji, tukayaacha yalale. Asubuhi yalikuwa pale pale tulipoyawekea alama. Midomo ya juu imefungwa vifuniko, kwa sababu vibarua hawaoni tabu kuangushia kokoto humo.

Yanabaki mambo ya kununua. Dawa ya mchwa haikuwa kwenye orodha ya fundi kabisa. Kibaha hii! Inapulizwa kifusi kikishakamilika, kabla ya kutandaza nailoni chini ya zege, hasa kando ya kuta na kuzunguka mabomba, maana mchwa hupitia kwenye nyufa hizo kufuata fremu za milango. Nailoni nayo aliyoleta ni nyepesi, ile ya kufunikia magodoro. Nataka nzito, ya unene wa geji 1000, vipande vipandiane angalau sentimita 30, na kingo zipandishwe ukutani. Hiyo ndiyo inayozuia unyevu usipande ukabandua rangi na kuozesha mazulia.

Wavu wa chuma ameulaza juu ya nailoni. Nikamuuliza, akasema wataunyanyua kwa kulabu wakati zege linamwagwa. Maneno hayo nayajua. Watu wanane wenye mabuti na matoroli watakuwa wanaukanyaga, nani atanyanyua? Chuma kikilala chini ya zege hakizuii ufa wowote juu. Nimemwagiza atengeneze vitofali vidogo vya zege vya kuunyanyulia, vikauke kabla ya siku yenyewe.

Unene wa jamvi unatakiwa uwe sentimita 10. Nilivuta kamba ukuta hadi ukuta nikapima kwenda chini: mahali pengine saba, pengine kumi na tatu. Kwa sakafu yako ya mita 10 kwa 12, kila sentimita inayozidi inakula karibu mifuko minane ya saruji, kwa hiyo kusawazisha kifusi kunaokoa fedha yako pia.

Kila kitu nimekipiga picha tepu ikiwa imewekwa kando, hasa mabomba, ili kesho ukitaka kutoboa sakafu ujue yanapita wapi. Nimekutumia WhatsApp, usizifute.

Tuma fedha ya lori moja la moramu, kukodi kompakta, dawa na nailoni. Bei za maduka mawili nimeziandika chini ya picha. Saruji inaweza kusubiri, nimeipandisha juu ya mbao na kuifunika.

Jambo moja fundi bomba analingoja kwako. Sinki la jikoni unalitaka chini ya dirisha, kama ramani inavyosema, au ukutani upande wa stoo, kama mke wako alivyoniambia kwenye simu? Bomba lake litafukiwa Alhamisi. Semezaneni huko, kisha mnipe jibu moja.

Mama yako