Kwa mwanangu, kuhusu ile tezi iliyo mbele ya moyo

Wete, Pemba
14 Mfunguo Tatu

Mwanangu mpenzi,

Assalaam aleykum. Sote hapa hatujambo. Mama yako anakusalimu na anauliza kama achari imefika salama.

Juzi kwenye simu uliniambia umekwama kwenye somo la ishara za seli, yaani namna seli zinavyopashana habari: ubao umejaa mishale, nawe umeikariri bila kujua inakwenda wapi. Sikulala vizuri. Miaka yote niliyosomesha bayolojia skuli, hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

Nikamkumbuka mbuzi wetu wa Idi. Alikuwa kijana, kapita mwaka tu. Tulipompasua kifua nilimwonyesha mdogo wako kinofu cheupe, laini, kimekaa mbele ya moyo. Hiyo ndiyo thaimasi. Kwa mbuzi mzee ungekuta mafuta tu mahali pale, maana tezi hiyo husinyaa kwa umri, na sisi binaadamu vivyo hivyo. Watu waliidhania haina kazi, mpaka mwaka 1961 mtafiti Jacques Miller, akiwa London, alipoeleza yaliyowapata panya wachanga aliowatoa tezi hiyo: limfosaiti zao, zile chembe nyeupe za damu za kinga, zilipungua, na maradhi yakawashinda. Limfosaiti zinazokomaa kwenye thaimasi huitwa seli za T, na herufi hiyo T imetoka kwenye jina lake la Kiingereza, thymus.

Sasa fuata seli moja. Inatoka kwenye uboho ikiwa bado haijaamua kuwa nini. Ikiingia thaimasi inagusana na seli za tezi zilizobeba juu yake protini ya jamii ya Delta. Yenyewe ina kipokezi, yaani protini ya kupokelea ishara, kiitwacho Nochi, jina lililotokana na nzi wa matunda wenye mapengo kwenye mbawa. Delta inaishika Nochi na kuivuta, kipokezi kinakatwa, na kile kipande cha ndani kinaachana na utando, kinaingia kwenye kiini na kuwasha jeni za useli-T. Kaa hapa kidogo, mwanangu. Katikati hakuna mjumbe mwengine. Kilichopokea salamu ndicho kinachokwenda kuifikisha. Kwa hiyo ishara hii haitumwi kwa mbali, lazima seli mbili zigusane. Watafiti walipoiondoa Nochi ya kwanza (Notch1) kwa panya, seli zilizoingia thaimasi zikawa seli za B, aina nyengine ya limfosaiti. Asili ni ile ile na tezi ni ile ile, lakini hazikusikia neno lile.

Na neno lisilonyamaza ni balaa. Zaidi ya nusu ya wagonjwa wa lukemia kali ya seli za T, saratani ya damu, wana Nochi iliyoharibika, inayowaka bila kuzimwa.

Kuna na intalukini-7, protini ya kupeleka ujumbe, ambayo yenyewe huiambia seli changa iendelee kuishi na iongezeke. Kipokezi chake kina sehemu iitwayo mnyororo wa gama, na jeni yake iko kwenye kromosomu X, ndiyo maana kasoro yake huwapata zaidi watoto wa kiume, wenye X moja tu. Mtoto aliyezaliwa nayo hakuzi seli za T, na asipopata tiba, kama kupandikizwa uboho, vijidudu vya kawaida tu humwondoa. Nikisoma haya huwafikiria vichanga tuliowazika hapa kijijini bila kujua kilichowaua.

Baada ya hapo kuna mchujo. Seli huonyeshwa vipande vya protini za mwili wenyewe. Isiyoshika chochote hufa, na inayoshika kwa nguvu mno nayo hufa. Zaidi ya 90 katika kila 100 huishia mle mle. Bibi yako hachambui makonyo kwenye karafuu kwa ukali huo. Lakini chache zinazoshika kwa nguvu huachwa ziwe seli za kutuliza wenzao wasiushambulie mwili. Hizo ndizo zilizompa mtafiti Shimon Sakaguchi, pamoja na Mary Brunkow na Fred Ramsdell, tuzo ya Nobel ya 2025. Kipokezi kinachoshika vipande hivyo ni kile kile. Nguvu ya mshiko na muda wake ndivyo vinavyotenganisha kifo, kazi na utulizaji.

Rudi kwenye mishale yako. Kila mmoja uulize: nani anasema, anamgusa nani, kwa muda gani? Ukikwama kwenye JAK3, kimeng'enya kinachopitisha ishara ndani ya seli, anzia kwenye ule mnyororo wa gama, ndiko kinakojishika.

Likizo ukija nitatafuta mbuzi kijana mwengine, uishike tezi hiyo kwa mkono wako.

Wasalaam,
Baba yako