Kiyoyozi kwenye 504 yako

Nakuru,
9 Februari

Omondi rafiki yangu,

Salamu kutoka huku kwenye baridi. Shemeji na watoto natumaini hawajambo. Najua joto la Kisumu la mwezi huu halina mzaha, ndiyo maana sishangai unataka kufunga kiyoyozi kwenye Peugeot.

Unasema fundi wa Kibuye anataka kuanza na kile kisanduku cha chini ya dashibodi kinachopuliza hewa baridi, halafu mengine yatajipanga. Hayatajipanga. Kiyoyozi cha kuongeza kwenye pikapu ya zamani hakishindwi ndani ya kabini; hushindwa mbele ya rejeta na kwenye puli. Usinunue kisanduku kabla hujafungua boneti na kupima nafasi hizo mbili kwa futi.

Anza na rejeta. Kondensa, ile inayotoa joto la gesi nje, itakaa mbele yake, na joto lote linalotolewa kabini litaipitia rejeta hiyo hiyo. Rejeta iliyoziba nusu, ambayo leo inakufikisha Ahero bila shida, itachemka ukiiongezea mzigo huo. Ipeleke ifunguliwe tanki na mirija isafishwe, si kumwagiwa dawa tu. Badilisha na kifuniko. Kwa mwinuko wenu maji ya wazi huchemka karibu nyuzi 96, huku kwetu 94, kwa hiyo springi ya kifuniko ikilegea wewe unachemsha mapema kuliko mtu wa Mombasa.

Halafu feni. Kama yako ni ile inayoshikwa na sumaku maji yakipata moto, angalia kaboni yake. Ikiisha, feni huzunguka kivivu tu bila kushika. Lakini hata ikiwa nzima haitoshi, kwa sababu inasubiri maji yapate moto, ilhali kondensa inataka upepo tangu unapobonyeza swichi. Ongeza feni ya umeme ya inchi 12 au 14, ya kusukuma, mbele ya kondensa. Usikubali feni ya kuvuta igeuzwe waya ili isukume: panga zake zimekunjwa kwa upande mmoja, na ukizizungusha kinyume upepo unapungua sana.

Kondensa yenyewe chukua ya mirija bapa, kubwa kadiri uso wa gari unavyoruhusu. Zile za mirija ya mviringo zilitosha wakati wa gesi ya R12, ambayo uzalishaji wake ulisitishwa kwa Itifaki ya Montreal. R134a, gesi iliyoshika nafasi yake, huinua presha zaidi kwenye joto, na kondensa ndogo ndiyo inayoumbuka kwanza ukikwama kwenye foleni ya Kondele. Acha nafasi ya milimita 12 hadi 20 kati yake na rejeta, kisha ziba pembeni kwa mpira, la sivyo hewa moto itazunguka irudi mbele. Kiingilio cha gesi kiwe juu, kitokeo chini. Na kila mara vidudu vya ziwani vikishaijaza, ioshe kwa maji yasiyo na nguvu; mashine ya kuoshea magari inalaza mapezi yote.

Kompresa, yaani pampu ya gesi: Sanden SD508, ya pistoni tano na cc 138 kwa mzunguko, inatosha kabini ya watu watatu na kubaki. Ukinunua ya mtumba, izungushe klachi (sahani ya mbele inayoshikwa na sumaku) kwa mkono; iende laini, isikwame mahali. Mimina oili yake kwenye chupa safi uiangalie. Ikiwa nyeusi au ina vumbi la chuma, irudishe, hata bei ikikuvutia vipi. Koili ya sumaku hiyo ipime kwa mita: omu 3 hadi 4. Mwanya wa klachi uwe kati ya milimita 0.4 na 0.8, ukizidi, klachi hushika asubuhi ikakataa mchana koili ikishapata moto, na watu humlaumu mwenye gesi.

Sasa braketi ya kompresa, ambayo ndiyo nusu ya kazi. Ifungwe kwenye injini, kamwe si kwenye chesisi, maana injini hucheza juu ya mipira yake na mkanda utaruka. Bati la milimita 10, lenye mguu wa pili wa kuizuia isitikisike. Braketi ya bati la milimita 5 huimba siku chache, kisha hupasuka pale pale ilipochomelewa. Kama puli ya krenki, ile inayozungushwa na injini moja kwa moja, ina mfereji mmoja tu, fundi wa kukereza atakutengenezea ya kuongeza, lakini mwambie aisawazishe isiyumbe. Mkanda wa upana wa milimita 13. Weka rula ndefu juu ya puli zote. Ukiona zimepishana hata milimita 2, rekebisha kwa washa (vile vipete bapa vya chuma) kabla hujakaza. Kidole gumba kikibonyeza katikati, mkanda ushuke kama milimita 10. Kaza tena baada ya siku chache, maana mkanda mpya hulegea.

Umeme haraka haraka. Klachi inakula kama ampea 4, feni ya ndani 10 hadi 15, feni ya mbele karibu 10, na taa kubwa za usiku nyingine 10. Alteneta ya zamani haitabeba hayo. Tafuta ya ampea 60 au zaidi. Feni zote mbili zipitie relei (swichi za umeme) na fyuzi zao, waya zitoke betri moja kwa moja. Waya ya klachi ipite kwenye swichi, kisha thermostati ambayo sindano yake imechomekwa katikati ya mapezi ya evaporeta, ile inayopoza hewa ndani ya kisanduku, kisha swichi ya presha. Wengine huiruka swichi ya presha ili kuokoa hela. Bila hiyo, gesi ikivuja kompresa itaendelea kuzunguka bila oili ya kurudi, na itakufa.

Hozi ziwe za R134a zenye utando wa ndani: namba 8 kutoka kompresa kwenda kondensa, namba 6 kondensa hadi draya (kikopo cha kunyonya unyevu) na draya hadi vali ya kushusha presha kwenye evaporeta, namba 10 kurudi kompresa. Zipange kwanza, uziwekee alama ya chaki jinsi vichwa vinavyoelekea, ndipo zikabanwe. Oringi (pete za mpira za viungo) zilowekwe oili ya kompresa, na kila nati ishikwe kwa spana mbili, usije ukakunja mrija wa alumini. Ukutani mwa injini weka mpira kwenye tundu, na zikae mbali na eksosi. Draya isimame wima, mshale ukifuata njia ya gesi, na vifuniko vyake uvitoe mwisho kabisa, kwa sababu kazi yake ni kunyonya unyevu na hewa ya ziwani itaishibisha mapema. Bomba la maji ya evaporeta literemke hadi nje. Kisumu litatiririsha maji mengi, na likikunjika utayakuta miguuni.

Kabla ya gesi, jaribu uvujaji kwa naitrojeni kavu, psi 150, na povu la sabuni kwenye kila kiungo. Hapa nakusihi: akija mtu na mtungi wa oksijeni wa kuchomelea, mfukuze. Oksijeni yenye presha ikikutana na oili hulipuka. Upepo wa kujazia tairi nao una maji, ukatae. Na atakayekuambia gesi ya jikoni inapoza vilevile, inapoza kweli, lakini evaporeta ikitoboka gesi hiyo inakuja kabini mlimo na kuwaka.

Halafu kuvuta hewa yote itoke kwenye mfumo kwa pampu. Hapa ndipo mafundi wengi wa huku juu hugombana na wateja. Vitabu vinasema sindano ya geji ifike inchi 29 za zebaki chini ya sifuri. Hiyo ni ya usawa wa bahari. Geji hupima tofauti na hewa ya nje, na hewa hiyo hupungua kama inchi moja kwa kila futi 1,000. Kisumu, kwenye mita 1,130 hivi, pampu nzima itaonyesha 26. Nakuru, kwenye 1,850, ni 24. Fundi asiyejua atasema pampu imechoka au kuna uvujaji, akafungua viungo vizima. Vuta dakika 45, funga vali, ngoja nusu saa. Kama sindano haijapanda kuelekea sifuri, mambo ni sawa. Ikipanda kidogo ikasimama, ni unyevu, vuta tena. Ikipanda bila kusimama, ni tundu.

Gesi pima kwa mizani, si kwa macho. Visanduku vidogo na kondensa bapa huchukua gramu 600 hadi 800. Fuata kibandiko cha chako. Ingiza kwa upande wa presha ndogo, injini ikizunguka, kopo likiwa limesimama. Ukilipindua, gesi itaingia kompresa ikiwa kimiminika na kuvunja vali. Vaa miwani. Mchana wa nyuzi 32, injini kwenye mizunguko 1,500 kwa dakika, tarajia psi 28 hadi 40 upande wa presha ndogo na 200 hadi 230 upande wa presha kubwa. Zote mbili zikiwa juu, kwanza angalia upepo wa kondensa, kisha uwezekano kwamba gesi imezidi. Zote chini, gesi haitoshi. Presha ndogo ikipanda na kubwa ikishuka, kompresa imekwisha. Na ikipoza dakika kumi, upande wa presha ndogo ukazama chini ya sifuri, halafu ikizimwa kidogo ikafufuka, ni maji yanayoganda kwenye vali: badilisha draya, vuta upya.

Kabureta nayo inataka solenoidi (sumaku ya umeme) ya kuinua mzunguko wa injini klachi ya kompresa inaposhika, la sivyo injini itazima kila ukisimama. Na weka swichi mahali mkono unapofika bila kutafuta. Ukianza kupanda Riat na mzigo, izime mpaka ufike juu. Kompresa inakula nguvu ambayo injini hiyo haina ya kugawa.

Kabla fundi wa kukereza hajagusa chuma, nipimie kipenyo cha puli ya krenki, na umbali kutoka uso wake hadi kwenye rejeta. Nitumie picha pia. Kama hapo kuna chini ya sentimita 4, tutafute njia nyingine ya mkanda.

Msalimie mama, na umwambie omena ilifika salama.

Wako,
Kamau