Mhariri, sabuni ya kuyeyusha haipimwi kwa kifuniko cha chupa

Ndugu Mhariri,

Habari za kazi. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua maana hili jambo limenikaa rohoni toka masika. Juzi juzi gazeti lenu lilitoa habari ya akina mama waliomaliza mafunzo ya siku moja ya sabuni ya kuyeyusha, wamepigwa picha wameshika vipande vyao vya rangi rangi wanacheka, nikafurahi nao kweli kabisa ila nikajiuliza, hivi hao wamefundishwa kupima au wamefundishwa kumwaga tu kama nilivyofundishwa mimi?

Kwa msomaji asiyeijua, hii sio ile sabuni ya kupika na kostiki, ile kemikali kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni. Hapa unanunua bonge limeshapikwa kiwandani, lipo jeupe na lipo lile linaloangaza kama kioo, kostiki na mafuta vimeshamalizana huko huko, wewe kazi yako ni kukata vipande, kuyeyusha taratibu, kutia harufu na rangi na kumimina kwenye moldi, yaani chombo cha kuipa umbo, baada ya saa mbili tatu imeganda unaoga nayo. Hamna kusubiri wiki nne au sita sabuni ikomae, hamna kuogopa kostiki isikuunguze macho. Ndo maana akina mama tunaipenda, hata mwenye mtoto mgongoni anaifanya jikoni kwake. Na mi naipenda mpaka leo, watu wasije wakadhani nimeandika kuiponda.

Mi mafunzo nililipia elfu 35, ukumbi ulijaa, jiko moja la gesi, mwalimu mmoja mbele na sisi wengine huku nyuma tunanyoosha shingo. Mzani hakukuwa nao. Kipimo kilikuwa kifuniko cha chupa ya maji, tukaambiwa kifuniko kimoja cha harufu, ukitaka inukie zaidi weka viwili. Halafu tukaambiwa ukitaka sabuni yako iwe ya asili tia karoti ya kusaga, tia tango, tia alovera umekwangua muda huo huo, tia maziwa ya ng'ombe. Watu wote tukaandika. Cheti nikapewa saa kumi jioni.

Wiki mbili baadaye nikapata oda ya kitchen party hapa Tanga, vipande 60, kila mgeni aondoke na kimoja kimefungwa riboni. Nikatengeneza Jumatatu, sherehe Jumamosi, mvua ya masika inanyesha usiku na mchana, nikavipanga kwenye katoni bila kuvifunika kwa kitu chochote nikijua navianika. Ijumaa usiku nafungua katoni, jamani, vipande vimelowa, juu ya kila kipande matone madogo madogo kama jasho la mtu aliyetoka kulima, riboni nyekundu imechuja imeingia kwenye sabuni nyeupe, na vile vya karoti ukigeuza chini kuna vidoa vya kijivu vina manyoya na ukinusa unasikia harufu ya maji ya maua yaliyolala wiki nzima kwenye chombo. Nilikaa chini pale pale sakafuni. Hela ya watu nikarudisha usiku ule ule, shangazi wa bibi harusi hakunigombeza hata kidogo na hiyo ndo iliniuma zaidi.

Kikaja kingine kibaya kuliko hicho. Vipande vya karafuu ambavyo havikuharibika nilikuwa nimewagawia majirani, na mtoto wa jirani yangu akatoka vipele shingoni na kwenye mikunjo ya mikono, analia akiguswa na maji. Mafuta nilitia vifuniko viwili kwenye kilo moja, nilitaka yanukie. Ni mafuta ya makonyo, vile vijiti vya karafuu, yanatoka Pemba, mazuri sana, lakini sehemu kubwa ya mafuta hayo ni yujenoli, ile ile inayofanya ulimi ufe ganzi ukitafuna karafuu kwa ajili ya jino, na ikizidi kwenye ngozi inachoma. Nilikwenda kuomba radhi, mama yake alinipokea vizuri, ila nikaapa sitouza kipande kingine mpaka nijue nafanya nini.

Basi nikanunua mzani mdogo wa jikoni unaosoma gramu moja moja na kaunta buku. Nikawa nachukua kilo moja nakata mafungu kumi ya gramu 100, kila fungu najaribu kitu kimoja tu naandika tarehe, nimefanya hivyo miezi mingi na nataka niyaweke hapa nilivyoyaona ili mwingine asipoteze hela.

Kwanza lile jasho. Ndani ya bonge kuna gliserini, na gliserini inavuta unyevu wa hewani, sasa sisi tunaokaa Tanga, Dar, Mombasa, Unguja hewa yetu imejaa maji, ukiiacha wazi hata usiku mmoja inatoka matone. Sabuni haijaharibika, ukifuta inatumika, ila mteja hawezi kukuelewa. Dawa yake ikishaganda tu ikapoa, itoe kwenye moldi uifunge saa hiyo hiyo na ile nailoni laini ya kufunikia chakula, ibane kabisa isiwe na hewa ndani, ndo uweke riboni yako juu. Na usiigandishe kwenye friji kwa haraka maana ukiitoa kwenye baridi kuja kwenye joto inatoa jasho papo hapo. Dada yangu yuko Dodoma nilimpelekea za mchaichai nimezisahau bila kuzifunga, kule kukavu hazikutoa hata tone moja, nilishangaa sana.

Pili moto. Bonge langu linayeyuka kama kwenye nyuzi 60 hivi, sasa sisi tulifundishwa lichemke kama uji, hapana. Likichemka maji yake yanapotea, linageuka manjano, linanuka kuungua na likiganda linakuwa kama mpira halitoi povu vizuri. Bakuli juu ya sufuria ya maji ya moto, moto mdogo, unafunika, unakoroga polepole sana kwa mwiko, ukikoroga kama unapiga mayai unajaza mapovu. Mapovu yakija juu baada ya kumimina yapulizie spiriti kidogo na chupa ya kupulizia yanapasuka yote mbele ya macho yako, hiki ni kitu ambacho hata leo nikikifanya nafurahi kama mtoto. Ila zima jiko kwanza, spiriti inashika moto.

Vitu vibichi ndo hapo pa kusema kwa nguvu. Karoti, tango, alovera mbichi, maziwa, vyote vina maji na chakula cha ukungu, na hii sabuni unaiyeyusha tu, huipiki hivyo vitu vikafa, unaviweka vibichi na vinabaki vibichi humo ndani vinaoza. Kama mtu anataka kitu cha asili kiwe kikavu na kimesagwa laini. Akina mama wa Paje kule Unguja wanaotengeneza sabuni ya mwani, mwani unakaushwa unasagwa unga, na wao bahari iko mlangoni wangeweza kuuchota mbichi. Mi unga wa mwarobaini, manjano, mlonge, natia kijiko kimoja cha chai kwenye nusu kilo, nauchanganya kwanza na spiriti kidogo usifanye madonge. Manjano ukizidisha yanatia rangi taulo. Maua ya waridi makavu yanapendeza siku mbili tatu halafu yanakuwa kahawia kama majani ya chai, nimeacha. Unga wa kahawa wa kusugulia miguu ukimimina sabuni ingali ya moto sana unazama wote chini, subiri ianze kuwa nzito kama uji wa mtoto ndo ukoroge umimine.

Na ndimu. Jamani ndimu, nimeona watu wanakamulia ndimu nzima eti inang'arisha ngozi. Maji ya ndimu ni asidi, na asidi inaivunja sabuni inaacha kuwa sabuni, fungu langu la ndimu liligawanyika likawa na utando mweupe wa mabonge mabonge na povu hakuna. Ukitaka harufu ya ndimu tumia mafuta ya maganda yake, au mchaichai.

Harufu sasa hivi napima kwa gramu. Mafuta ya mchaichai nikizidi sana gramu 10 kwa kilo, ya karafuu sivuki gramu 5 kwa kilo, na kila sabuni mpya naoga nayo mwenyewe wiki nzima kabla hajaigusa mtu mwingine. Za watoto wachanga sitii harufu kabisa. Mafuta ya nazi ya kuongezea kijiko kimoja cha chai kwa nusu kilo kinatosha, ukijaza inakuwa inateleza tu haitoi povu.

Sasa ninachoomba, Mhariri. Wanaofundisha haya mafunzo wawe na mzani mezani, hata mmoja, na wamuoneshe mwanafunzi gramu 5 zinaonekanaje. Mzani wangu niliununua kwa bei ndogo kuliko ada ya yale mafunzo. Na wawaambie wanafunzi ukweli kwamba cheti cha ukumbini sio ruhusa ya kuuza. Toka mwaka 2019 vipodozi viko chini ya TBS, shirika la viwango, zamani ilikuwa TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, na sisi wadogo tunaanzia SIDO, shirika la viwanda vidogo, tunapata barua ya utambulisho ndo tunaenda nayo TBS. Mi mwenyewe ndo niko njiani, natafuta pa kutengenezea pasipokuwa jiko la nyumbani. Lakini hata kabla ya nembo ya TBS hakuna anayekuzuia kuandika kwenye karatasi ya sabuni vitu ulivyotia na tarehe uliyotengeneza. Kama yule mama jirani angesoma neno karafuu pale juu asingemuogeshea mtoto mwenye ngozi laini.

Kuna jingine nalisema kwa uchungu. Kwenye magrupu ya wasap ya watu tuliosoma pamoja sa hivi kuna wanaouziana unga wa kung'arisha ngozi wa kutia kwenye bonge, hauna jina, hauna maandishi, uko kwenye mfuko wa nailoni, unaambiwa tia vijiko vitatu mteja ataona mabadiliko siku saba. Huo ni mkorogo tu, ile dawa ya kuchubua ngozi, umebadilishiwa chombo. Zebaki na haidrokwinoni kwenye vipodozi vimepigwa marufuku hapa nchini siku nyingi, na zebaki inapita kwenye ngozi inaenda kuharibu figo na mama mjamzito inamfikia mtoto tumboni. Mtu anayenunua sabuni kwa jirani yake ananunua kwa sababu anamwamini jirani. Naomba wenzangu tuukatae huo unga, tusiuguse, na kama umeshautia kwenye sabuni usiiuze.

Na gazeti lenu mkipata nafasi ule ukurasa wa ujasiriamali mkiandika tena habari ya sabuni wekeni na vipimo kwa gramu, watu wanakata kurasa wanabandika jikoni, mi nawajua wanaofanya hivyo.

Yule mtoto wa jirani vipele vilikauka. Mwezi uliopita mama yake alinigongea mlango mwenyewe akataka kipande, nikampa cheupe kisicho na harufu wala rangi, nimeandika juu kwa kalamu kila kilichomo. Akasimama mlangoni akasoma mpaka mwisho ndo akaweka kwenye mfuko.

Wako msomaji,
Mama wa sabuni, Ngamiani, Tanga